Gego la Miaka Sita

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Nimefurahi kusikia mwanao Idi ameamka anacheza. Kumbe lilikuwa tumbo la kuhara tu, na ORS na zinki za zahanati zimemrudisha. Sasa nikwambie kilichonifanya nipandishe sauti juzi kwenye simu, usije ukadhani shangazi yako anazeeka vibaya.

Jirani aliyekwambia mtoto ana "meno ya plastiki" hakuwa na nia mbaya. Hata huku wapo wanaoamini. Mtoto akipata homa na kuhara, anapanuliwa kinywa, fizi zikionekana zimetuna na kuwa nyeupe pale penye machonge, basi hukumu imeshapita. Wanachimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotoka ni laini kama mbegu ya boga changa, nacho si plastiki wala nailoni: ni chonge la mtoto mwenyewe ambalo halijakomaa. Kuhara kunabaki palepale, na juu yake sasa pana kidonda, damu, labda na pepopunda. Wapo waliokufa. Waliopona, wengine wamekua na chonge la ukubwani lililopinda, au halikuota kabisa. Fizi za Idi asiziguse mtu.

Jingine ni la dada yake, Amina. Ulicheka ukisema ametimiza sita na meno ya mbele yanacheza. Hebu washa tochi ya simu, mlaze mapajani, apanue, utazame nyuma kabisa, baada ya jino la mwisho. Ukiona kitu cheupe chenye vifereji kinachungulia kwenye fizi, hilo ni gego la kwanza la ukubwani. Linaingia kimyakimya. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, hakuna kurusha jino juu ya bati, kwa hiyo mzazi analihesabu pamoja na ya utotoni. Yako manne, mawili juu na mawili chini, na hayana akiba. La kwangu la chini kushoto lilitoboka nikiwa darasa la tatu. Bibi yako, Mungu amrehemu, akasema liache, litatoka lije jipya. Liling'olewa. Jipya linasubiriwa mpaka leo, na hindi la kuchoma natafunia upande mmoja.

Kwa hiyo usingoje aumwe. Sisi tumezoea kwenda kwa daktari wa meno shavu likiwa limevimba, tena kwa neno moja tu: ng'oa. Mpeleke gego likiwa zima, uombe vile vifereji vizibwe; hakuna sindano wala damu. Na hata pakiwa na tundu dogo, linaweza kukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, bila mashine, likazibwa siku hiyohiyo. Njia hiyo, usishangae, ilianzia hapahapa kwetu, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, na leo inatumika mpaka ng'ambo. Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha, inapakwa kwenye jino la utotoni lililooza ili lisiendelee. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake, panabaki peusi kama mkaa.

Nyumbani, mswaki mara mbili, na wa usiku ndio mkubwa, maana tukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha kinywa. Dawa ya meno iwe na floridi: kwa Amina kiasi cha punje ya njegere, kwa Idi punje ya mchele. Amina ateme tu, asisukutue. Na mswaki umshikie wewe mpaka afike miaka saba au minane. Wa sita huyo anachezea povu. Ubuyu wa rangi simnyimi, ila aumalize mara moja baada ya chakula, asiumung'unye kutwa. Baba Amina aendelee na mti wake wa mswaki, sina ugomvi nao, mradi ncha aikate upya na asisahau magego.

Halafu maji ya huko kwenu. Chini ya Mlima Meru visima na chemchemi nyingi zina floridi kupita kiasi. Ule ukahawia wa meno ya mumeo ndiko ulikotoka, si uchafu, kwa hiyo acha kumkaripia. Floridi kidogo ikipakwa juu ya jino inalilinda. Nyingi ikinywewa wakati jino linaumbwa inaliharibu. Kuchemsha hakuiondoi. Kingeni maji ya mvua, au ulizieni ofisi ya maji chanzo gani kina nafuu, ya watoto yatoke huko. Na magadi kwenye maharage achana nayo, maana nayo yana floridi.

Ukimmulika Amina, nipigie uniambie umehesabu magego mangapi.

Shangazi yako