Kitenzi Kimoja, Maana Mbili

Kwa muda mrefu nilikuwa na ubeti ulionikwama. Nilitaka kumsifu Abebe Bikila, mwanariadha wa Ethiopia, na mshororo wa kwanza ulinijia kwa urahisi: “Maskini wa viatu, kakimbia pekupeku.” Mizani ilitimia, 16 kamili. Ukweli ndio uliopungua.

Bikila hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, akafunzwa mbio na Onni Niskanen kutoka Sweden. Viatu alivyopata Roma havikumkaa vyema, naye alikwisha kuzoea mazoezi ya peku. Akachagua nyayo zake. Tarehe 10 Septemba 1960 alimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, mbele ya Rhadi ben Abdesselam wa Morocco. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alivaa viatu. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu apasuliwe kidole tumbo, lakini alishinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Basi ushindi haukuwa wa viatu wala wa kukosa viatu. Neno “maskini” nililitia mimi, kwa kuwa lilikuwa karibu na lilijaza kipande.

Nilipolifuta, nikabaki na kitenzi. Kwa Kiswahili, ashindanaye mbioni hukimbia, na amwogopaye adui hukimbia vilevile. Muktadha ndio mwamuzi. Mwaka 1936 majeshi ya Italia yaliingia Addis Ababa, na Mfalme akakimbilia uhamishoni. Mwaka uliofuata Waitalia walichukua mnara wa mawe wa Aksum, wakausimamisha Roma, na haukurejeshwa hadi 2005. Katika mbio za 1960, askari wa mfalme yule yule alipita penye mnara ule, na karibu na hapo, mwisho ukiwa hauko mbali, akamwacha mshindani wake. Alikimbia. Kitenzi ni kile kile, ila safari hii hakikubeba fedheha.

Mwaka 1969 ajali ya gari ilimpoozesha miguu. Alitibiwa Stoke Mandeville, Uingereza, na huko akashindana kwa upinde na mshale akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 41.

Hakukimbia tena baada ya ajali ile, wala hakukimbia. Sentensi hii imebeba maana zote mbili, nami sijaweza kuitia katika vina. Watunzi wenzangu, ubeti wangu bado haujakamilika. Afadhali ubaki hivyo kuliko kumvika shujaa umaskini asiokuwa nao, eti kwa ajili ya mizani.