Kompyuta ya Mezani Haitembei

Ukiwa na laptopu hapa chuoni, kukosa mtandao ni tatizo la miguu tu. Chumbani haushiki? Unashuka varandani, au unaenda kukaa kimbwetani na wenzako, maisha yanaendelea. Sisi chumbani kwetu tuna kompyuta ya mezani. Hiyo huwezi kuipeleka kimbwetani umebeba monita kichwani.

Niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Bumu lilipoingia nilikwenda Kariakoo nikanunua kasha la kompyuta ya ofisi iliyotumika, lenye mazabodi, prosesa na pawa saplai, basi. RAM ya GB 8 nilipewa na binamu yangu. SSD nilinunua mwezi uliofuata. Monita niliachiwa na mtu aliyekuwa anahitimu na hakutaki kubeba mzigo mpaka Mbeya. Nikaiwekea Linux Mint, kwa sababu ni ya bure na haiionei mashine kuukuu. Ikawaka! Tuko watatu na hakuna mwenye laptopu, kwa hiyo ikawa mashine ya wote: ripoti za fildi, CV, muvi za Jumamosi.

Ila kompyuta hizi za ofisi zilitengenezwa zikae karibu na tundu la kebo ya mtandao, na nyingi hazina waifai. Ukutani kwetu kuna soketi moja ya umeme, nayo inagombaniwa. Kwa muda tuliishi kwa simu yangu: unaichomeka kwa waya wa USB, unawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta inaiona simu kama kebo ya kawaida ya mtandao. Huhitaji kusakinisha draiva yoyote. Kama hukujua hili, likariri. Tatizo ni kwamba nikienda lekcha, intaneti inaondoka nami mfukoni.

Halafu mwenzetu mmoja akanyimwa mkopo. Dirisha la rufaa lilikuwa linafungwa Jumapili usiku. Alitakiwa kupakia cheti cha kifo cha baba yake na barua zenye mihuri, ambazo dada yake angezituma kwa barua pepe kutoka nyumbani, moja moja kadiri zinavyopatikana. Simu yake ni kitochi. Ya mwenzetu wa tatu waya wa USB unachaji tu, data haipiti. Mimi Ijumaa nilitakiwa kwenda msibani Morogoro. Steshenari zipo nje ya geti, lakini kila dakika pale ni hela, na hela ndiyo alikuwa anaikatia rufaa.

Alhamisi nikarudi Kariakoo kutafuta adapta.

Kuna njia mbili. Moja ni kadi ya kuchomeka ndani kwenye mazabodi. Ni nzuri kwa kasi, lakini kasha letu ni lile jembamba linalotaka kadi yenye bati fupi, na antena zake hukaa nyuma, zimebanwa kati ya kasha na ukuta. Bati huzuia mawimbi. Ya pili ni adapta ya USB, na hii unaweza kuiweka popote waya unapofika. Nikachagua hiyo.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wa Linux wanapolia. Kinachoamua si jina lililo kwenye boksi, ni chipu iliyo ndani. TP-Link TL-WN722N ni mfano unaojulikana: toleo la 1 lina chipu ya Atheros, toleo la 2 likaja na ya Realtek, jina lilelile. Na draiva ikikosekana unaambiwa uipakue kwenye intaneti, ambayo ndiyo unayoitafuta. Kwa hiyo nilikwenda na flashi yenye Linux Mint, nikamwomba muuzaji laptopu ya dukani kwa dakika kumi. Alinitazama kama mtu aliyeomba kuonja dawa ya mswaki.

“Mdogo wangu, hizi zote zinafanya kazi.”

Ya kwanza, amri ya lsusb iliiona, lakini orodha ya mitandao ikabaki tupu. Ya pili nayo vivyo hivyo. Ya tatu, yenye kiantena kama kidole, mitandao ya mtaa mzima ikajipanga. Alitaka 18,000, tukamalizana kwa 15,000.

Chumbani, nikiichomeka nyuma ya kasha, mtandao wa chuo ulishika mstari mmoja na kukatika. Nikaongeza waya wa USB wa mita 3, nikaifunga adapta kwa mpira kwenye nondo za dirisha, ikiangalia jengo lenye rauta. Nikaihamishia pia kwenye tundu jeusi la USB 2.0, kwa sababu USB 3.0 hutoa kelele kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, Intel walilieleza hilo mwaka 2012. Mistari mitatu. Waya huo ulinigharimu 4,000, na kwa maoni yangu ulifanya kazi kubwa kuliko adapta yenyewe.

Usiku bado ilisuasua. Bweni zima linawasha hotspoti, na 2.4 GHz ina chaneli 3 tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Nikamwambia jamaa asihangaike saa tatu usiku, aamke alfajiri watu wakiwa wamelala.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri kitochi chake kilinipigia Morogoro. “Kaka, zimepanda zote sita. Imeandika imepokelewa.”

Rufaa haijajibiwa mpaka naandika haya. Adapta bado iko dirishani, tumeivisha nusu ya chupa ya maji kwa ajili ya mvua. Plastiki haizuii mawimbi, tumejaribu.