Fomu ya Penseli

Mwaka wa 1998 nilikuwa kidato cha nne huko Njoro. Fomu za kuchagua kozi za chuo kikuu zilifika kabla hatujafanya mtihani wa KCSE, na mwalimu wa darasa akatuambia tujaze kwa penseli kwanza. Nikaandika sheria. Jioni baba akaisogeza fomu karibu na koroboi, akaisoma polepole, kisha akaniuliza, "Mama, wewe unamjua wakili gani?"

Sikumjua hata mmoja. Mwalimu nilimjua: alikuwa jirani yetu, mwenye nyumba ya mawe na ng'ombe wawili wa gredi. Nikafuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, nikaandika ualimu.

Siku hizo lango la chuo kikuu lilikuwa jembamba. C+ ilikustahilisha, lakini JAB, bodi iliyogawa nafasi, ilihesabu pia vitanda vilivyokuwepo vyuoni. Wenzangu wengi walibaki nyumbani wakiwatazama wanafunzi wa Egerton wakishuka matatu pale Njoro. Baadaye vyuo vya umma vikafungua milango kwa wanaojilipia, na ng'ombe na vipande vya shamba vikauzwa. Swali likawa: nyumbani kuna nini cha kuuza?

Leo ninafundisha Nakuru. KUCCPS ilichukua kazi ya JAB, na siku hizi wanafunzi wangu huchagua kozi wakiwa na matokeo mkononi, kwenye simu au saiba. Na tangu 2018, serikali ilipoanza kuwachangia wanafunzi wa vyuo vya ufundi shilingi 30,000 kwa mwaka wakati huo, vyuo hivyo si tena kimbilio la walioanguka.

Binti ya kaka yangu alipata B-. Nilimtaka aende chuo kikuu; yeye akachagua umeme katika chuo cha ufundi. Nilipomuuliza sababu, akasema, "Shangazi, si unamwona yule dada wa Olkaria?" Ni jirani yao, fundi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke huko Olkaria, ambaye hurudi nyumbani wikendi na kofia yake ngumu kwapani.

Hapo nikamwelewa baba. Hakunikataza sheria; alitaka kujua ni nani angenishika mkono. Njia zimeongezeka, lakini mtoto bado hufuata nyayo alizoziona. Ndiyo maana kila muhula mimi humwalika mtu mmoja aje kuwaeleza kidato cha nne kazi yake na njia aliyopitia. Wa kwanza niliyemwalika alikuwa wakili.