Aibu Haifundishi Hesabu

Niruhusuni nikiri kosa langu. Asubuhi moja hapa Kolwezi nilimsimamisha mtoto mbele ya darasa, daftari lake tupu likiwa mkononi, nikawaacha wenzake wamcheke. Nilidhani aibu itamfanya aandike mazoezi ya nyumbani. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nilipokwenda kwao, mama yake alinieleza kwamba tangu kengele ya mwisho hata giza liingie, mtoto huosha mawe ya kobalti ili wapate fedha ya unga. Usiku hawana taa.

Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Ndugu waalimu, huenda mtoto wa namna hiyo ameketi mbele yenu leo. Wavivu nao wapo, sikatai. Lakini waulizwe faraghani, kwa maana aliyechekwa hujifunza kuficha, hajifunzi kuhesabu.

Nilimwomba mtoto yule radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Sasa huandika mazoezi yake darasani, kabla ya kengele ya kwanza. Hayamalizi yote, lakini huja.