Kiungo kilichomeza dola 60

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na safari hii siwezi kusingizia stima. Ni aibu tu.

Naandika kutoka hapa Spring Valley, kwenye chumba cha nyuma ninachokiita ofisi (mwenye nyumba anakiita SQ, lakini kodi anadai ya ofisi). Binamu yangu yuko Dubai, na kila mwezi humtumia Shangazi pesa za dawa ya presha. Akawa analalamikia makato. Mimi, fundi wa kompyuta wa ukoo mzima, nikaingiza kimbelembele: nitumie USDT, nitakutengenezea kiungo, wewe bonyeza tu, shilingi nitampelekea Shangazi mwenyewe.

Kiungo nilikiandika kwa kufuata EIP-681, kanuni ya mwaka 2017 ya kuomba malipo kwenye Ethereum. Kinakaa hivi:

ethereum:MKATABA@1/transfer?address=MPOKEAJI&uint256=60000000

Hebu kitazame tena. Anwani inayotangulia si ya mpokeaji! Ni ya mkataba, yaani ile programu inayoweka daftari la USDT. Mpokeaji mwenyewe amejificha nyuma ya alama ya kuuliza. Na zile sufuri zote ni dola 60 tu, kwa sababu dola moja ya USDT huandikwa kama vipande milioni moja. Ether yenyewe ina tarakimu 18 baada ya nukta. Nani alidhani binadamu atakagua hicho kitu kwa macho?

Pochi ya binamu ilisoma anwani ya kwanza ikaishia hapo. Yeye alikuwa ameshachagua USDT, akajaza 60 kwa mkono, akatuma. Pesa zikaenda kwa mkataba wa USDT wenyewe, na huko hazitoki. Anwani ilikuwa halali kabisa, herufi kubwa na ndogo zimepangwa sawasawa, mtandao ukathibitisha.

Akanipigia. "Ndugu, imesema imefika."

"Imefika wapi?"

Sasa niliyojifunza, kwa wale mnaoandika programu. Bitcoin walikuwa na dawa ya sehemu ya tatizo hili tangu 2012, kwenye BIP 21. Kigezo kikianza na "req-" na pochi haikielewi, ni lazima ikikatae kiungo kizima. Haibahatishi. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu nimeandika mambo mawili kwanza: mpokeaji atangulie, na pochi isiyoelewa neno lolote inyamaze. Hilo lingemwokoa binamu.

Lakini halizuii wizi. Mtu akibadilisha anwani yote njiani, kwenye ujumbe au kwa kubandika msimbo wake wa QR juu ya wako, hesabu ya ukaguzi itapita vizuri. Inakamata kosa la kuchapa, haimkamati mwizi. Hapo unahitaji sahihi. Na sahihi ya nani?

BIP 70 ya mwaka 2013 ilijibu: tumia vyeti vilevile vya tovuti, pochi ionyeshe jina la duka. Wazo zuri, ila lilikuwa zito, na mwaka 2020 Bitcoin Core ikaliondoa kabisa. BIP 353 ya 2024 ni nyepesi zaidi, inaweka maelezo ya malipo kwenye DNS yakiwa na sahihi. Bado unahitaji jina la tovuti.

Nikayapeleka mawazo haya kwa mama mboga ninayenunua sukuma kwake kando ya Lower Kabete Road. Till yake imeandikwa kwa rangi kwenye bati. Nikamuuliza: Mama, mtu akija usiku akaipaka rangi akaandika yake?

"Si jina litatokea," akasema, akiendelea kukatakata. "Ukiona si langu, usilipe."

Tangu hapo sijalala vizuri. M-Pesa inaweza kuonyesha jina kwa sababu kampuni moja inajua namba ni ya nani, na ukikosea unatuma ujumbe kwa 456 uombe pesa zirudi. Sisi tunaosema hatutaki mtu wa katikati tumemwondoa pia yule anayejua jina.

Nilipofikia kwa sasa ni mtindo wa SSH: mara ya kwanza simu yako inahifadhi ufunguo wa mama mboga ukiwa mbele yake, kisha kila kiungo chake lazima kiwe na sahihi ya ufunguo huo. Inafanya kazi kwenye kompyuta yangu (najua, najua). Halafu nikakumbuka kwamba simu huibwa. Kwa M-Pesa angeenda kubadilisha laini, namba ikabaki ileile. Kwangu mimi, ufunguo mpya, na wateja wote wanaona onyo jekundu. Na nyinyi mnaotumia SSH mnajua tunachofanya tukiona onyo hilo.

Nusu hiyo bado iko wazi kwenye karatasi yangu.

Dola 60 nilizilipa mwenyewe. Nilimtumia Shangazi shilingi kutoka hapahapa mezani. Jina lake likatokea, majina yote mawili, nikalisoma mara mbili kabla ya kuweka PIN. Akanipigia baadaye kuuliza mbona mwezi huu ni mimi. Nikamwambia mtandao wa Dubai ulikuwa na shida.