Barua Zilizobandikwa Mgungani

Kitindamimba ndiye aliyeuliza kama mti ule umewekwa pale kwa ajili ya kupigia picha. Mwandishi wa makala haya nusura apaliwe na chai. Watoto wake walikuwa wamemchangia usiku mmoja katika hoteli ya The Stanley, Nairobi, baada ya kustaafu.

Mayence Bent aliianzisha mwaka 1902, moto ukaiteketeza 1905, ikahama. Hayo yameandikwa. Mwandishi anaukumbuka mgahawa wake wa Thorn Tree, uliofunguliwa 1959, na mgunga uliosimama katikati ya meza.

Miaka ya 1970 alikuwa karani, na mshahara wake haukumruhusu kuketi pale. Alisimama nje, kando ya mzee mmoja muuza magazeti aliyemwachia asome ukurasa wa mbele bila kununua. Mzee alinuka wino na rangi ya viatu, maana jirani yake alikuwa mng'arisha viatu, na vidole vya mzee havikutakata hata Jumapili. Wasafiri walibandika vikaratasi kwenye shina la mti: huyu ametangulia Lamu, yule anatafuta wa kuchangia Land Rover hadi Turkana, mwingine anauza hema. Karatasi ikipeperushwa na upepo, waliulizwa wahudumu, kisha mzee. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini sura hazikumpotea. "Mwenye ndevu nyekundu? Kapita juzi, na mkoba tu." Posta ya bure, tena isiyofunga saa kumi.

Mwaka 1978 kampuni ya Sarova ikaichukua hoteli. Mgunga ulizeeka, ukakatwa, ukapandwa mwingine, na ujumbe ukahamia kwenye ubao. Lonely Planet, wachapishaji wa vitabu vya wasafiri, nao wakalipa jukwaa lao la intaneti jina hilohilo la Thorn Tree, nalo likaja kufungwa.

Ukarabati wa hoteli umependeza, asiseme uongo. Ghorofani kuna Exchange Bar, ukumbusho wa madalali waliouziana hisa huku wakinywa kahawa katika hoteli hii miaka ya 1950. Vijana wa siku hizi hujipiga picha humo wakitabasamu, na ukiwaambia kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kununua hisa hizo, wanakutazama kana kwamba umewaharibia sherehe.

Asubuhi alishuka mwenyewe barabarani kutafuta gazeti. Alitembea hadi karibu na sanamu ya Kimathi ndipo akalipata, na kijana aliyeliuza alitaka alipwe kwa M-Pesa, maana chenji hakuwa nayo.