Lyme Regis na Kipimo cha Mjuzi wa Bahari

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika kusini mwa Uingereza, usiache kupita Lyme Regis, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Dorset. Utateremka barabara yenye mteremko mkali mpaka ukutane na bahari, na hapo utauona ukuta wa mawe uliopinda kama mkono unaokumbatia mashua. Wenyeji huuita Cobb. Tangu karne ya 14, kama si kabla ya hapo, ukuta huo umeikinga bandari na mawimbi.

Ukitazama mashariki utaona magenge ya udongo mweusi yanayoporomoka mara kwa mara. Huko ndiko Mary Anning (1799–1847), binti wa seremala, alikofukua mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe, akawashangaza wataalamu wa zama zake. Mbele ya magenge hayo ipo Charmouth, mwendo wa kilomita 3 hivi kwa bahari. Nyuma yake chainuka kilima cha Golden Cap, chenye urefu wa mita 191.

Siku ya shwari, safari ya kwenda Charmouth kwa kayaki huonekana kuwa mchezo mwepesi. Kayaki ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, wenye tundu la kuketi mtu, nao huendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Asili yake ni Wainuit wa Greenland na nchi nyingine za Aktiki, walioutumia kuwinda sili. Leo wafanyakazi wa mijini huutumia kujiburudisha siku za mapumziko.

Asubuhi ya Machi 22

Tarehe 22 Machi, 1993, wanafunzi wanane kutoka Plymouth, mwalimu wao na wakufunzi wawili waliondoka Lyme Regis kwa kayaki kuelekea Charmouth. Walitarajiwa kufika kabla ya chakula cha mchana. Haukupita muda mwalimu akapinduka, akainuliwa, akapinduka tena. Mkufunzi mmoja akabaki kumsaidia. Mwenzake akawakusanya wanafunzi wote wanane, wakashikanisha mitumbwi yao isitawanyike.

Lakini upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu, nao ukawasukuma kwenye kilindi. Mitumbwi ikajaa maji, mmoja baada ya mwingine, katika bahari yenye baridi kali. Hawakuwa na redio wala fataki za kuombea msaada, na walinzi wa pwani walipata habari saa nyingi baada ya safari kuanza. Vijana wanne walifariki dunia.

Uchunguzi ulidhihirisha kwamba wakufunzi wale walikuwa na ujuzi wa awali tu. Mwaka uliotangulia, wakufunzi wengine wawili walikuwa wameacha kazi katika kituo hicho na kuonya kwa barua juu ya usalama. Mwaka 1994 mkurugenzi wa kampuni iliyoendesha kituo alifungwa gerezani, na kampuni yenyewe ikawa ya kwanza katika historia ya sheria ya Uingereza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuwataka wanaouza michezo ya namna hiyo kwa vijana wa chini ya miaka 18 wakaguliwe na kupewa leseni.

Nani basi aitwe mjuzi?

Waulize wapenda kayaki kumi, utapata majibu kumi. Huyu atakuhesabia miaka aliyoanza kushika kafi. Yule atajivunia mwendo wake. Wa tatu atakuonyesha namna ajuavyo kupinduka na kuinuka bila kutoka ndani ya mtumbwi. Wote wana hoja, lakini wahenga walikwisha kusema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Bingwa wa ziwani aweza kuwa mwanagenzi mara tu avukapo ncha ya Cobb.

Kwa miaka mingi chama cha kayaki cha Uingereza kilitoa vyeti vya nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota hizo zilisaidia, ila fundisho kubwa zaidi ni kwamba daraja la mtu lapasa kutajwa pamoja na maji anayoyamudu. Kuna maji yaliyokingwa, kama vile ndani ya bandari, ambako upepo hauwezi kumchukua mtu kwenda mbali. Kuna bahari ya wastani, yaani kandokando ya pwani, penye mahali pepesi pa kutulia kila baada ya maili moja au mbili za baharini, mkondo usiozidi noti 2, na upepo usiozidi nguvu 4 katika kipimo cha Beaufort, sawa na kilomita 28 kwa saa. Kupita hapo ni bahari ya mafundi: mikondo inayogongana, miamba, na safari za kuvuka mbali na nchi.

Kadhalika, kuna tofauti kati ya kujimudu na kuwaongoza wengine. Anayejimudu hurudi mwenyewe. Kiongozi hana budi ajue kusoma upepo kabla ya kuondoka, kumrudisha mtumbwini aliyepinduka huku akiwatazama waliobaki, kuomba msaada mapema, na, lililo gumu kuliko yote, kusema “leo hatuendi” mbele ya watu waliokwisha kulipa. Jambo hilo la mwisho halihitaji misuli, lakini ndilo ambalo lingeyaokoa maisha ya vijana wale wanne.

Ndugu msomaji, huenda hutafika Lyme Regis kamwe. Lakini siku moja mwanao ataleta barua kutoka shuleni ya kuomba ruhusa ya safari, iwe ya kuogelea, ya mashua au ya kupanda mlima. Kabla ya kutia sahihi, uliza: Nani anaongoza? Amepimwa na nani, na katika maji gani? Hali ya hewa ikibadilika, nani mwenye mamlaka ya kuahirisha? Mwalimu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Akikosa majibu, basi umekwisha kulijua daraja lake.